Samaki Tuliyemshika Wawili

Nilikuwa nikimhudumia mama mmoja wa Kijapani hapa Lewisham, London, mjane wa Mwingereza, mwenye miaka themanini na ushei. Kazi yangu ilikuwa kumpikia chakula cha mchana na kumpa dawa, kisha niende kwa mgonjwa mwingine. Nilimwita mama, maana mimi mwanamke wa Tanga ulimi ulikataa kumtaja mkubwa kama yule kwa jina lake. Hakuona vibaya.

Chakula chake kilinishangaza tangu mwanzo. Mwani, ambao kwetu wanawake huulima baharini wakauza, yeye aliutia kwenye supu akaula. Kabla ya kula alikutanisha viganja na kusema neno moja. Nilipomuuliza kama ni dua, akasema maana yake ni "napokea", na anamwambia samaki, kwa kuwa ndiye aliyetoa uhai wake. Mimi nimezoea kumshukuru Mungu kwa samaki. Kumshukuru samaki mwenyewe sikuwahi kufikiria.

Alinifundisha kula kwa vijiti, na baada ya miezi miwili nikaweza. Alhamisi moja nilikaanga vibua, akasisitiza nile naye. Kwetu ukila na mtu unayemheshimu unamchagulia mnofu mzuri. Basi nikatafuta mnofu usio na mwiba, nikaunyanyua kwa vijiti vyangu nikampelekea. Naye, nadhani mikono ilimtangulia, akanyoosha vijiti vyake kuupokea. Kwa kitambo kidogo tukawa tumeushika wote wawili.

Vijiti vikamdondoka. Uso ukambadilika. Nikajua ni kiharusi. Nilikwisha kushika simu niite ambulensi aliponizuia, akasema haumwi.

Alinieleza taratibu. Kwao maiti huchomwa, kisha ndugu husimama wakaizunguka mifupa na kuiokota kwa vijiti, huyu akimpokeza yule, kuanzia ya miguu hadi ya kichwa, wakaitia kwenye mtungi. Ndiyo maana mezani watu wawili hawashiki tonge moja kwa vijiti. Tena neno lao la vijiti, ukilitamka kwa sauti tofauti kidogo, ni daraja. Wanaopokezana mifupa wanamvusha marehemu.

Hilo la maneno halikunipa tabu, kwetu kaa yuko baharini na kaa liko jikoni. Lakini la mifupa lilinishinda. Nimekulia kwa watu wanaomzika maiti upesi na kwa upole, kana kwamba bado anasikia maumivu. Nilivitazama vijiti mkononi mwangu, njaa ikaniisha.

"Mama yangu nilimvusha," alisema. "Mume wangu sikumvusha."

Mumewe alichomwa hapahapa London. Siku ya kumchukua, yeye alikwenda na vijiti ndani ya mkoba. Hakujua kwamba huku mifupa hutiwa kwenye mashine kabla ya kukabidhiwa wenyewe. Alipewa chombo cha plastiki, ndani yake unga. Akauliza mifupa iko wapi, na yule aliyempa hakuelewa swali.

"Walimsaga," aliniambia.

Miaka sita alikuwa hajamwambia mtu.

Nami nilikuwa nimeishi nchi hii miaka kumi na moja bila kujua jambo hilo. Kisha nikajikuta namwambia langu, kwamba mama yangu alifariki Tanga nikiwa huku, dada zangu wakamwosha bila mimi, nikaliona kwenye simu jeneza likitoka mlangoni, nimesimama kituo cha treni cha Stratford watu wakinipita.

Aliuliza kwetu anayemwosha mama ni nani. Nikamwambia ni wanawake, na mabinti wakiwepo ndio wa kwanza.

"Kwa maji ya moto au ya baridi?"

"Vuguvugu, mama."

Akataka kujua mkono gani hutangulia, na nani humimina. Nikamweleza yote mpaka kafuri inayotiwa kwenye maji ya mwisho. Vibua vilikuwa vimepoa. Nikaviondoa, nikanawa mikono, nikampigia simu mgonjwa wangu wa pili kumwambia nitachelewa, nikarudi kuketi naye.