Aliandika Nilivyomwambia

Tarehe 18 Oktoba mwaka wa 1979, siku ya Alhamisi, mume wa binti yangu alifutwa kazi. Alikuwa mkaguzi wa afya, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka sita. Mwaka huu tulipomzika, kijana wa kanisa alisoma historia ya marehemu mbele ya jeneza, akafika mahali palipoandikwa kwamba aliacha kazi kwa hiari yake akaamua kulima. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi niliangalia viatu vyangu. Hakuacha kazi. Alifukuzwa, na sababu ni mimi. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini jambo hili naweza kuliandika.

Mume wangu alikuwa nyapara wa watu wanaotengeneza barabara. Alipokufa, shamba la Mukuyuni lilibaki na ndugu zake, kwa sababu lilikuwa la baba yao, na mimi nilibaki na nyumba aliyojenga kwenye ploti pale Salama. Nyumba ya vyumba vinne, mabati juu, choo kimoja nyuma. Pamoja na nyumba aliniachia barua ya ploti, imeandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake kulikuwa na neno moja nililolielewa, la kusema kwamba ploti ni ya makazi. Nyumba ya kukaa. Niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia.

Sikuanza kulaza wasafiri kwa kupanga. Siku moja basi la Mombasa liliharibika karibu na hapo, mvua inanyesha, mama mmoja akaomba kukaa na mtoto wake mpaka asubuhi. Nikawapa chumba cha binti yangu, ambaye alikuwa ameolewa. Asubuhi yule mama akaniachia sukari na sabuni. Akaenda kuambia wengine. Baada ya mwezi nilikuwa na vitanda viwili, baada ya mwaka vilikuwa sita katika vyumba viwili, na wanaolala hawakuwa wanaacha sabuni tena, walikuwa wanalipa.

Kulikuwa na loji pale sokoni yenye leseni. Mwenye loji alikuwa mzee wa kanisa letu. Jumapili moja baada ya ibada alinisimamisha karibu na mlango.

"Dada," akasema, "mimi nilichimba vyoo viwili. Nikapaka chokaa. Nikaongeza madirisha. Nikaweka kitabu cha majina ya wageni. Yote haya niliambiwa na sheria. Wewe uliambiwa nini?"

"Hao ni wageni wangu tu," nikasema.

"Wageni wako ni wengi. Hata yule Mswahili wa Kitui ni shangazi yako?"

Watu wawili waliokuwa karibu wakacheka. Mimi nilikwenda nyumbani bila kusalimia mtu. Ukweli ni kwamba alikuwa na haki, na mimi nilijua hivyo wakati ule ule. Lakini kilichonishika hakikuwa aibu. Kilikuwa hofu. Wiki ile ile katika baraza, naibu wa chifu alitangaza kwamba anayelaza wasafiri bila leseni atachukuliwa hatua. Hakusema hatua gani. Mimi nikafungua Biblia, nikaitazama ile barua, nikalitazama lile neno la makazi, nikajiambia kwamba hatua yenyewe ni kunyang'anywa nyumba. Sikumwuliza mtu. Kumwuliza mtu kungekuwa kumwonyesha barua, na kumwonyesha barua kungekuwa kujishtaki.

Basi nikaanza kuishi kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Shuka nilizokuwa naanika uani zote kwa siku moja, sasa nikaanika mbili mbili, kwa sababu mjane mmoja hawezi kuwa na shuka kumi na mbili. Zingine nilitandaza juu ya meza ndani, zikawa zinakauka kwa siku tatu na kunuka unyevu. Viatu vya wageni niliviondoa mlangoni nikaviweka chini ya vitanda. Gari lolote likipunguza mwendo barabarani, mikono yangu ilikuwa inasimama. Nilikuwa nikikanda unga, nasimama. Nilikuwa nikiomba, nasimama. Nikawafundisha wageni la kusema wakiulizwa: mimi ni binamu yake, nimetoka Mukuyuni.

Yule Mswahili wa Kitui, mzee aliyekuwa akiuza vitambaa na kulala kwangu kila akipita, alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa na kifua kibaya.

"Binamu yako, mama? Na kofia hii? Nao waniulize kwa Kikamba jina la nyanya yetu?"

"Utasema umesahau."

"Nitasahau nyanya! Astaghafirullah. Bora nijifanye mgonjwa nisiyeweza kusema."

"Hata hiyo ni sawa," nikamwambia. Sikuwa nacheka.

Ungefikiri ningeacha tu. Lakini ningekula nini? Kila jioni nilisema huyu ni wa mwisho, na kila jioni kulikuwa na mtu mlangoni na mzigo wake.

Mwezi wa Julai mkaguzi alikuja. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilisikia Landrova ikipunguza mwendo, na safari hii haikuendelea. Wageni wote walikuwa wameondoka isipokuwa yule mzee wa vitambaa, aliyekuwa anangoja basi la saa tano. Nikamsukuma ndani ya chumba cha nyuma na chai yake mkononi, nikafunga mlango. "Usipumue," nikamwambia. Nikatoka uani.

Aliyeshuka alikuwa mkwe wangu.

Nieleze hapa kwa ajili ya vijana ambao wameyaacha haya. Kwetu mtu na mama mkwe wake wana heshima kubwa kati yao, tunaiita nthoni. Sisi wa kanisa tulikuwa tumelegeza mambo mengi, tulikuwa tunasalimiana na hata kuongea, lakini hakuwa ananitazama usoni, na kamwe hangeweza kuingia mahali ninapolala. Hata nyumba ikiwaka moto angeita mtu mwingine aingie. Aliposhuka na kuniona, akageuka upande, akaitazama barabara, akawa amesimama hivyo na kitabu chake cha ripoti.

Dereva alibaki ndani ya gari akicheka. "Mama," akaniambia, "huyu amemwomba mkubwa asitumwe hapa. Mkubwa akamwambia sheria haina mama mkwe."

"Nyamaza," mkwe wangu akamwambia. Kisha akaniuliza habari za nyumbani, nikajibu. Nikamwuliza habari za binti yangu, akajibu. Baadaye akasema, akiwa bado amenipa bega:

"Mama, nimetumwa kuangalia vyumba. Kuna watu wameandika barua."

"Nimesikia."

"Mimi siwezi kuingia. Unajua."

"Najua."

"Na huyu dereva si mkaguzi, hata akiingia haisaidii. Kwa hivyo nitauliza, na nitaandika utakavyoniambia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mkali, kwa askari, kwa mtu atakayefunua magodoro. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu atakayesimama uani na kunipa mimi kalamu.

"Kuna vyumba vingapi?"

"Vinne."

"Kuna wasafiri wanaolala hapa kwa malipo?"

Nilifikiria nyumba. Naapa sikufikiria kitu kingine. Nilijiona niko barabarani na kitanda kimoja na sufuria zangu.

"Hapana," nikasema.

"Sasa hivi kuna mtu ndani?"

"Hakuna mtu."

Na hapo yule mzee akakohoa. Hakikuwa kikohozi kidogo. Kilianza kama mtu anayejizuia, halafu kikamshinda, kikatoka chote, na kikombe kikaanguka juu ya saruji.

Mkwe wangu alikuwa anaandika. Kalamu ilisimama. Dereva akainua kichwa. Nilitazama mgongo wa mkwe wangu, shati lake la kaki likiwa limelowa jasho katikati, na nikangoja ageuke. Nilitaka ageuke. Kama angegeuka ningeanguka magotini nikasema yote.

Hakugeuka. Mtu hawezi kumwambia mama mkwe wake kwamba anasema uongo. Hakuna njia ya kulisema neno hilo. Kalamu ikaendelea, akafika chini ya ukurasa, akaweka sahihi.

"Haya, mama. Nitamsalimia binti yako," akasema. Landrova ikaondoka.

Nilirudi ndani. Mzee alikuwa anaokota vipande vya kikombe na machozi ya kukohoa machoni. "Nisamehe, mama," akasema, "amesikia?" Nikamwambia hapana. Huo ulikuwa uongo wa tatu siku hiyo.

Nilifikiri sasa hofu itaniacha. Ikaongezeka. Zamani nilikuwa naogopa magari. Sasa nilikuwa naogopa pia binti yangu akija kunitembelea, naogopa jina la mkwe wangu likitajwa kanisani. Vitanda sikuvitoa.

Mwanzoni mwa Oktoba mkaguzi mwingine alikuja bila taarifa, mtu wa mbali, asiyekuwa na undugu na mimi. Aliingia moja kwa moja. Akahesabu vitanda sita na wageni wanne, na shuka juu ya meza. Alikuwa na ile karatasi ya Julai mkononi. Aliisoma, akatazama vitanda, akaisoma tena.

Nikamwambia, "Mwanangu, chukueni nyumba, lakini yule aliyeandika hana makosa. Ni mimi nilimwambia hivyo."

"Nyumba?" akasema. "Nani anachukua nyumba?"

"Barua ya ploti inasema makazi."

Akaniomba barua. Nikaitoa ndani ya Biblia nikampa, mara ya kwanza tangu mume wangu afe kuionyesha mtu. Aliisoma akiwa amesimama. "Mama, hapa hakuna mahali pamesema unanyang'anywa. Ungeomba ruhusa ya kulaza wageni. Ungechimba choo cha pili na kuongeza madirisha, upewe leseni kama wengine. Kwa sasa utafunga vyumba, basi." Akanirudishia barua. "Lakini huyu aliyeweka sahihi kwa vyumba ambavyo hakuviona, yake ni kitu kingine."

Nilipanda basi nikaenda ofisini kwao siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza mkubwa hakuwepo. Siku ya pili alinisikiliza mpaka mwisho, na aliniambia kwa upole kwamba ukaguzi ni macho, si masikio. Tarehe kumi na nane mkwe wangu akapewa barua.

Walihamia Kanyangi, kwa shamba la baba yake. Mimi nilifunga vyumba, nikauza vitanda vitano, nikaanza kuuza maharagwe barabarani. Ilinichukua zaidi ya mwaka kupata nguvu ya kwenda kwao. Nilifika mchana, binti yangu akanipokea, akanipikia, na hakuniuliza kitu. Kulala kwao hakukuwezekana, kwa sababu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Mkwe wangu alikuwa ameniombea mahali kwa jirani, mama mzee aliyekuwa akiishi peke yake. Yule mama alinipa kitanda chake mwenyewe na akalala sakafuni. Nilipotaka kumwachia kitu alikasirika, akaniuliza kama nimeona ameandika loji mlangoni.

Asubuhi jua likiwa limetoka, nilisikia hatua uani, halafu mtu akakohoa kidogo kujulisha yupo. Alikuwa mkwe wangu. Nilimwona kupitia ufa wa mlango, jembe begani, chupa ya maziwa mkononi, amegeukia shamba.

"Mama, umelala vizuri?"

"Sikulala," nikasema.

"Ni mbu?"

"Si mbu. Siku ile kulikuwa na mtu ndani."

"Nilimsikia, mama," akasema.

Akaweka maziwa mlangoni bila kugeuka, akaenda kulima.