Mkwaruzo Uliotoka Mlimani

Baba yangu ni fundi redio, na mtaa mzima unamwita Mkwaruzo. Hajawahi kulichukia jina hilo. Wateja humletea redio zilizonyamaza, naye huzifungua, hupuliza vumbi, huunga waya kwa risasi ya kuchomelea, kisha hufunika. Mpaka hapo ni fundi kama mafundi wengine. Kasheshe huanza redio inapopona. Mtu mwingine angetafuta taarifa ya habari au muziki. Baba huusogeza mshale polepole mpaka katikati ya stesheni na stesheni, pale pasipo na mtangazaji wala wimbo, halafu huegemeza sikio na kutabasamu.

"Sikiliza," husema. "Hiyo ni cherehani ya jirani. Na huyo ni mtu anachomelea geti."

"Mimi nasikia mafuta yanakaangwa," Mama humjibu.

Saluni yangu iko mlango wa pili kutoka kibanda chake, kwa hiyo mikwaruzo hiyo naijua vizuri na kichwa changu kinaijua zaidi. Nampenda Baba, lakini sitadanganya: kuishi naye ni kazi. Ana maswali kuliko mtoto wa chekechea. Siku ya harusi yao, bwana harusi alipotea ghafla. Akakutwa nyuma ya spika, suti imejaa vumbi, akimhoji mtu wa mitambo kwa nini zinavuma. Mama alicheka sana siku hiyo. Miaka ikaenda, kicheko nacho kikapungua.

Kikaisha kabisa siku Mama alipong'olewa jino. Baba alitakiwa kumfuata kliniki. Njiani, redio ndogo ikiwa mfukoni kama kawaida yake, akasikia mlio asioujua. Akaufuata nguzo hadi nguzo, akaja kuukuta kwenye taa mbovu ya duka la viatu, na akafurahi kama aliyeokota dhahabu. Mama alisubiri kwenye mvua, shavu limevimba, mwisho akarudi kwa miguu peke yake. Alipofika hakugomba, na hapo ndipo nilipoogopa. Alifungasha sanduku.

"Naenda kwa mdogo wangu," alisema, pamba ingali mdomoni. "Unasikiliza kila kitu isipokuwa mimi. Nikiwa huko nitafikiria kama kuna haja ya kurudi."

Mama mdogo anaishi chini ya mlima, mwendo wa nusu siku kwa basi. Mlima wenyewe ni volkano, ila ulikuwa umekaa kimya mpaka watu wakalima vitunguu mabavuni mwake. Mama akipiga simu alizungumza na mimi tu. Baba alisimama karibu yangu akijifanya anatafuta bisibisi.

Basi asubuhi moja nilikuwa namsuka mteja, Baba akaingia bila hodi, redio ndogo mkononi.

"Kuna radi," akasema.

Nikachungulia nje. Jua lilikuwa kali, anga jeupe. "Baba, hata wingu hakuna."

"Ndiyo maana nimekuja kukuambia."

Akaongeza sauti. Mkwaruzo ulikuwa unapasuka-pasuka, krak, krak, krak, bila kupumzika. Mteja wangu akasema labda ni betri. Baba akamtazama kwa huruma, kisha akaanza kuigeuza redio huku na huku. Ndani ya redio za namna ile, alitueleza, kuna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya. Ncha yake ikielekezwa kelele inakotoka, kelele hufifia. Aliigeuza mpaka ikafifia, akatoa chaki mfukoni na kuchora mstari kwenye sakafu yangu, katikati ya nywele zilizoanguka. Mstari ulitoka mlangoni moja kwa moja kuelekea upande wa mlima. Tuliliona hilo kwa pamoja, na uso wake ukabadilika.

"Mstari una ncha mbili," akasema haraka. "Huenda ni upande ule mwingine."

Haukuwa upande ule mwingine. Kabla sijamaliza kusuka, taarifa zilianza kumiminika: volkano imelipuka, wingu la majivu limepanda juu kuliko ndege zinapopita, na ndani yake umeme unapiga bila tone la mvua. Nikampigia Mama. Hapatikani. Nikampigia mama mdogo, naye vilevile.

"Umeme bila mvua unatoka wapi?" mteja akauliza, kichwa kimesukwa nusu.

Swali lile halikufaa kuulizwa mbele ya Baba siku ile. Hata hivyo alijibu, kwa sauti ya mtu anayejikaza asianguke. Alichukua kitana changu cha plastiki, akakisugua kwenye nusu ya kichwa ambayo haijasukwa, akakisogeza juu ya vipande vya karatasi. Vikaruka, vikanasa.

"Ni hivi tu," akasema. "Majivu ya volkano si haya ya jikoni. Ni mawe yaliyosagika, na vipande vidogo vya kitu kama kioo. Punje inagonga punje, inasugua punje, umeme unajilimbikiza mpaka unazidi, unaruka. Mlima mzima unajichana nywele." Akakiweka kitana mezani, vikaratasi vingali vimenasa.

Mimi nilikuwa navitazama vile vikaratasi na, Mungu anisamehe, nilivutiwa. Kwa muda mfupi nilisahau Mama alipo. Hapo nikamwelewa Baba kidogo, na nikamkasirikia maradufu.

Alienda kibandani, akarudi na redio mara ya pili, kisha mara ya tatu. Kila mara mstari mpya ulijitenga kidogo na uliotangulia. Wingu lilikuwa linahama, na lilikuwa linaelekea kwa mama mdogo.

"Baba!" nilifoka. "Mama yuko chini ya hilo wingu na wewe unanichorea sakafu!"

"Najua," akasema. "Sijui kitu kingine cha kufanya, mwanangu."

Kisha akapata la kufanya. Alifunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kuliona, akaenda stendi. Mabasi ya upande ule yalikuwa yamesimamishwa. Akadandia pikipiki mpaka barabara ilipofungwa kwa kizuizi, askari wakamrudisha, akajaribu kupita shambani, wakamrudisha tena. Alirudi viatu vimejaa tope, akakaa kwenye kiti changu cha wateja.

"Nimesikia kila radi iliyopiga huko," akasema. "Hakuna hata moja iliyoniambia kama yuko hai."

Nilichukua viatu vyake nikaenda kuvikung'uta tope nje.

Kesho yake mchana roli la vitunguu lililobeba watu waliokimbia majivu lilisimama mbele ya saluni, Mama akateremka. Alikuwa wa kijivu kuanzia utosini hadi vidoleni. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yake. Nilimkumbatia nikapiga chafya. Baba alitoka kibandani, akapiga hatua mbili, akasimama. Kisha akachukua sanduku.

Nilimkalisha Mama nikaanza kumpiga brashi kavu, maana majivu yale yakikutana na maji kabla hujayakung'uta hugandamana kama saruji. Yalianguka sakafuni, yakafunika mistari ya chaki. Baba alisimama mlangoni na taulo, mdomo ameubana. Mtu yeyote anayemjua angeona maswali yamemjaa mpaka kooni.

"Mbona huniulizi?" Mama akasema, macho ameyafumba.

"Sina swali."

Mama akafumbua jicho moja. "Mwanangu, baba yako anaumwa."

"Ninalo moja," Baba akasema. "Utarudi nyumbani?"

Brashi ikanisimama mkononi. Mama akajifuta midomo.

"Kulikuwa na giza saa za chakula cha mchana," akasema. "Giza la kutoona mkono wako. Redio ya mdogo wangu ikapoteza stesheni, ikabaki inakwaruza. Ikipasuka, krak, papo hapo dirisha linawaka zambarau. Ngurumo inakuja baadaye, inajikokota. Nikasogea dirishani. Umeme mwingine haukushuka kabisa, ulipanda. Ulitoka mdomoni mwa mlima ukapanda juu, una matawi. Nilikuwa naogopa, na siwezi kuondoka pale dirishani. Nikageuka niulize kwa nini unapanda. Mdogo wangu alikuwa chini ya meza anasali. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza."

Baba alianza kulia, waziwazi, kama watu wanavyolia msibani. Akajifuta kwa taulo aliyomletea Mama.

"Nilidhani umekufa," akasema.

"Basi sijafa. Nijibu. Kwa nini ulikuwa unapanda?"

"Sijui, mke wangu," Baba akasema. Akavuta kiti, akakaa karibu naye mpaka magoti yao yakagusana, majivu yakampaka suruali. "Nieleze tena, toka mwanzo. Nakusikiliza."