Kola ya Bwana Tulia

Mtaa mzima ulimwita mpiga picha huyo Bwana Tulia, kwa kuwa ndivyo alivyowakaripia wateja kutwa nzima. Lenzi aliifungua hadi mwisho ili ukuta wa nyuma uyeyuke pichani, sura pekee ionekane wazi. Hapo mteja akisogea upana wa kidole tu, macho yanapata ukungu na masikio ndiyo yanayong'aa.

Siku alipomketisha mama yake mzazi, alikiona cha moto. Kila akilenga jicho, mama anainama mbele.

"Kola yako imekunjika, baba."

"Mama, achana na kola, tulia!"

Mara ya kumi akajifanya mjanja: akalenga mbele kidogo ya uso wake, ili mama akiinama, jicho lijilete lenyewe pale alipolenga. Safari hiyo mama hakuinama. Alinyoosha mkono tu.

Bwana Tulia alisonya alipoitazama picha: uso wote ukungu, lakini vidole vinavyomwelekea vilionekana hadi mikunjo yake. Alitaka kuifuta, mkono ukamgomea. Akaikuza, akaitundika mlangoni mwa studio.

Wateja humuuliza huyo asiye na sura ni nani.

"Hana sura wapi?" hufoka. "Mtazame vizuri, mama yangu huyo."

Kisha huinyoosha kola yake.