Mama wa kuazima kwenye tuzo za hoki ya barafu

Wakuu, nawasalimu kutoka Malvern, Joburg.

Humu mnanijua kwa upuuzi. Mimi ndiye yule wa kucheka kwenye uzi wa mtu aliyeibiwa simu. Leo sina kichekesho, na nikiongeza hata neno moja la uongo humu, nifeli matric, mtihani wa mwisho wa sekondari huku, mbele ya ukoo mzima.

Kabla hamjaanza kuniita dogo: mimi ni msichana, niko Grade 11. Kiswahili changu ni cha Bukavu kilichokulia Jules Street, kwa hiyo wazee wa ngeli mnivumilie.

Nyumbani tuko watatu. Mama, dada yangu Furaha, na mimi. Baba hayupo, hiyo ni mada nyingine.

Mama ana saluni ya kusuka. Viti viwili, kioo kimoja chenye ufa. Kiingereza chake kinamtosha kuuliza mteja anataka ndefu au fupi, basi. Kusoma hasomi kabisa.

Kwa hiyo karatasi yoyote ikija, ya shule, ya kliniki, ya mwenye nyumba, msomaji ni mimi. Tangu nina miaka tisa. Napewa, napitisha macho, natoa kwa Kiswahili.

Mliokulia ugenini mnaijua hiyo kazi. Na mnajua inavyolevya, maana ndani ya nyumba serikali inakuwa wewe.

Nikiwa Grade 8 shule ilileta barua kwamba nimemfungia mwenzangu chooni, halafu nikasimama nje ya mlango namwimbia wimbo wa taifa. Nilimsomea Mama kwamba shule inanipongeza kwa uongozi na uimbaji.

Mama alipiga magoti akamshukuru Mungu, kisha akanichinjia kuku. Nilikula paja lile bila aibu yoyote.

Sasa tuje kwa Furaha.

Alikuwa mwaka wa pili chuoni, na chuo chao kina timu ya wasichana ya hoki ya barafu. Ndiyo, barafu, Joburg hii hii. Kuna ukumbi ndani ya mall, baridi yake ni ile ya foleni ya makaratasi ya wakimbizi mwezi wa saba. Wanavaa viatu vyenye visu chini, wanashika fimbo, wanafukuzana na kisahani cheusi cha mpira mgumu.

Nilijaribu mara moja. Nilitembea kama mtu anayetafuta swichi gizani, na wiki nzima nikakaa darasani kwa tako moja.

Furaha alikuwa kipa. Sijui aliutoa wapi ule moyo. Mtoto wa kwaya, mpole hadi anawaomba msamaha mende. Mvalishe yale magodoro ya kipa na barakoa, anageuka ukuta. Kisahani kinakuja kama risasi, yeye anakidaka kama mtu anayepokea chenji.

Mwaka wa kwanza aliomba ruhusa nyumbani. Mama alimjibu, "Miguu yako nilivuka nayo mizima toka Bukavu. Hautaenda kuivunjia ku barafu."

Mada ikafungwa.

Nikaifungua mimi, kwa mlango wa nyuma. Nilimwambia Mama kwamba chuoni kuna kikundi cha kujisomea, kila Jumamosi, maktaba. Jumamosi saluni inajaa, Mama hawezi kuacha kichwa cha mtu nusu akaenda kukagua maktaba. Uongo ulikaa vizuri, eish, ulikaa kama umeshonwa.

Ila sikutegemea kwamba Mama angefurahi kiasi kile.

Akaanza kuamka kila Jumamosi alfajiri kukaanga mandazi ya wenzake Furaha wa maktaba. Alisema ubongo haufanyi kazi na njaa. Ndoo nzima, ile kubwa ya ice cream, imefunikwa kitambaa cheupe.

Ndoo ile ilikuwa inaenda kwenye barafu.

Timu nzima walikuwa wanakula, Wazulu, Wahindi, Waafrikana, viatu vya visu vikiwa bado miguuni. Mandazi huku wanayaita magwinya, kwa hiyo yule mpishi ambaye hawajawahi kumwona wakampa jina: Mama Magwinya. Misimu miwili walikula kazi ya mikono ya mtu wasiyemjua sura. Sisi tukarudisha ndoo tupu na salamu za maktaba.

Mwisho wa msimu wa 2018 tukasikia Furaha yuko kwenye orodha ya kipa bora.

Klabu ile ina desturi yake. Medali haivishwi na kocha wala mgeni rasmi. Mzazi anaitwa mbele kwa jina, anamvisha mwanawe. Asiye na mzazi anavishwa na nahodha.

Furaha alisema nahodha atamvisha, haina shida. Alisema huku anaangalia ukuta.

Wiki hiyohiyo bahasha ikafika saluni, maana anwani aliyoandika Furaha chuoni ni ya pale. Karatasi nzito, nembo ya fimbo mbili zilizopishana. Mama mikono ilikuwa na mafuta ya nywele, akaninyooshea kwa ncha za vidole.

"Bahati, banasema nini?"

Nikaona nembo. Nikaona mstari wa kwanza unamwalika kwenye sherehe. Nikamwambia ni maktaba, wanamsifu Furaha kwa kuhudhuria.

Wakuu, barua ilikuwa na aya tatu. Nilisoma mstari mmoja na nusu, nikakunja.

Mama alifuta mikono, akaichukua, akaiweka ndani ya Biblia. Karatasi nzuri kama ile, alisema, haitupwi.

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida. Lakini akili yangu haijui kutulia. Nikawaza, kama ni mzazi tu anayetakiwa, si anaweza kuazimwa?

Rosettenville kuna fundi cherehani, Mrundi, anaitwa Espé. Ndiye alikuwa anatushonea sare. Amepita hamsini, na hakujaliwa mtoto. Mnajua kwetu mwanamke akishazaa anaitwa kwa mtoto wake. Mama ni Mama Furaha, hata mteja wa mara ya kwanza anamwita hivyo. Huyu mpaka leo ni Espé tu.

Nilimpelekea kama mchezo. Nilidhani atacheka na kunifukuza. Hakucheka. Aliuliza tarehe.

Furaha nilipomwambia aliuliza swali moja tu, kama kweli atakuja. Nikajua hata yeye hakutaka kuvishwa na nahodha.

Sherehe ilikuwa Jumamosi mchana, ukumbi wa chuo. Kwenye teksi ya kwenda, Espé kavaa kitenge kipya cha kijani, mabega yamesimama kama ya jenerali, alianza kuniuliza maswali. Furaha alizaliwa wapi. Aliugua nini utotoni. Alianza kutembea na miezi mingapi.

Nikamwambia hakuna atakayemuuliza hayo.

Akasema, "Mama anayajua."

Mimi nilicheka. Nilicheka, wakuu.

Kipa bora alikuwa Furaha. Wakaita jina lake, halafu wakaita "Mama Furaha". Espé alisimama kabla hawajamaliza. Alimvisha kwa haraka hadi utepe wa medali ukanasa kwenye hereni ya Furaha. Alilia machozi ya kweli. Kwenye hoki hawapigi makofi, wanagonga fimbo chini, na ukumbi wote uligonga mpaka vikombe vya chai vikacheza mezani.

Mimi nilikuwa najipongeza.

Kisha kocha akasema kuna tuzo moja haipo kwenye ratiba. Kila mwaka wasichana wanapiga kura ya siri kumchagua mzazi wa msimu. Mwaka huu hakuna aliyeandika jina tofauti. Akainua kikombe cha fedha chenye masikio mawili, kimechongwa "Mama Magwinya".

Fimbo zikaanza tena. Safari hii wasichana wamesimama.

Espé alinigeukia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii ni ya nini?"

"Ya mandazi."

"Mimi sijawahi kuwakaangia."

"Chukua tu," nikasema.

Akaenda akachukua. Wasichana walimkumbatia mmoja mmoja, kumi na sita. Mmoja akamshika viganja vyote viwili akavibusu. Furaha alitoka akaenda chooni, akarudi wakati wa picha, macho mekundu.

Kurudi, kwenye teksi Espé alikipakata kikombe. Furaha akasema kile kikombe kisiingie nyumbani kwetu. Espé akakikumbatia, akasema, "Nitamtunzia."

Jumatano yake niko saluni natoa nywele za wigi kwenye pakiti. Mteja kichwa nusu kimesukwa, anapekua simu. Akacheka, akamwonyesha Mama. Akauliza, kwani Espé wa Rosettenville amemzaa lini mtoto wako?

Klabu walikuwa wameweka picha.

Mama aliishika ile simu kwa mikono miwili. Akaniita, "Bahati. Unisomee."

Nikaanza kusema ni sherehe ya maktaba. Nikaona kwenye kioo yule mteja ananitazama. Anasoma Kiingereza yule.

Mama akasema, "Soma vile iliandikwa."

Nikasoma. Kwamba huyu ni Furaha, kipa bora wa msimu wa timu ya hoki ya barafu. Na kwamba hatimaye tumemwona Mama Furaha, Mama Magwinya wetu, aliyetulisha misimu miwili.

Mama hakuuliza kuhusu barafu. Miguu ya Furaha hakuitaja.

"Bamemuita Mama Furaha?"

"Ndiyo, Mama."

"Na akaitika?"

"Ndiyo."

Akarudisha simu. Akamalizia kichwa cha mteja, saa mbili nzima, mistari imenyooka yote. Mteja alipoondoka alinawa mikono, akafungua Biblia, akatoa ile karatasi.

"Na hii."

Aya ya kwanza mnaijua. Ya pili ni ya ukumbi na saa. Ya tatu nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza pamoja naye. Ilisema hivi: Furaha hajui, tafadhali usimwambie. Wasichana wamekuchagua. Tunajua Jumamosi ni siku yako ya kazi, tunaomba nusu saa tu, na ukitupigia tu, gari la chuo litakufuata saluni na kukurudisha. Misimu miwili tumekula kazi ya mikono yako. Tungependa kuishika.

Mama alikuwa ananisikiliza huku anaangalia viganja vyake, vimekakamaa kwa kazi ya kusuka.

Mwaliko wake ulikaa siku kumi na mbili ndani ya Biblia yake, kila usiku anaifungua na kusali Zaburi anayoijua kwa moyo.

Jioni Furaha alirudi, nilishamtumia ujumbe. Akapiga magoti mlangoni na medali mkononi. Mama aliipima uzito kwenye kiganja, akauliza kama hakuumia. Furaha akasema hapana. Mama akasema, "Basi," akamrudishia.

Keshokutwa yake Espé akaja na kikombe, amekifunga kwenye kipande cha kile kitenge cha kijani. Alitaka kuongea, ikawa kilio tu. Mama alimkaribisha kiti, akampa chai, na kikombe hakukigusa.

"Weye njo ulienda," akamwambia, yaani wewe ndiye uliyekwenda. "Ibakie kwako."

Mpaka leo sijui kama ilikuwa msamaha au adhabu. Nadhani hata Espé hajui. Kiko kwenye rafu yake pale Rosettenville, hakijawekwa kitu ndani, na kila siku anakifuta vumbi.

Furaha msimu huu hakurudi kwenye barafu. Anasema mwaka wa tatu una kazi nyingi. Magodoro yake alimpa kipa mpya.

Jumamosi Mama haamki tena alfajiri. Ile ndoo sasa ina vibanio vya nywele.

Mimi sikupigwa. Sikutukanwa hata kidogo, na nilingoja. Nilikuwa nimejiandaa hadi na kichekesho cha kusema nikishapigwa.

Mwezi wa tatu bahasha ikaja saluni. Kwa mazoea nikanyoosha mkono. Mama akaipitisha juu ya mkono wangu, akampa jirani wa mlango wa pili, Mzimbabwe anayetengeneza simu.

Yule jirani hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Anamweleza Mama kwa Kiingereza chepesi na kwa vidole, Mama anaambulia nusu. Hiyo nusu anaiamini kuliko kitu chochote nitakachomsomea mimi.

Nilichojifunza, wakuu: mzazi asiyejua kusoma amekupa macho yake ushike. Ukiyachezea, siku moja anayachukua, na hata akibaki haoni vizuri, hakupi tena. Na barua ya mtu isome mpaka chini. Jambo lenyewe linaweza kuwa aya ya tatu.

Kama humu yupo aliyewahi kunyang'anywa kazi hii nyumbani kisha akarudishiwa, aniambie ilichukua muda gani na alianzia wapi. Wenye matusi pia karibuni. Nitasoma kila comment, mpaka mwisho.