Akina Lacombe wa Mstari wa Nne

Karani wa ofisi ya meya hulamba kidole kabla ya kufunua daftari, hata likiwa tupu. Kijiji kizima ni akina Lacombe, na kila mmoja hudai undugu na mchoraji fulani au bingwa wa baiskeli. Karani hupuliza wino wa muhuri na kujibu, "Hata mbwa wa padri ni Lacombe, bwana." Juzi Bibi Huguette alilalamika kwamba babu yake hayumo kwenye mnara wa majina ya waliokufa vitani.

"Yumo, bibi. Anselme Lacombe, mstari wa nne."

"Huyo ni babu wa mwokaji mikate, wewe! Wangu alikuwa fundi viatu."

Karani alilamba kidole, akakuta vifo viwili vya jina hilo daftarini. Mchongaji wa zamani wa mnara alidhani jina limerudiwa kwa makosa, akalichonga mara moja tu. Safari hii karani hakutania. Alimwandikia mchonga mawe: "Anselme Lacombe. Ndiyo, tena. Chonga, usifikiri."