Tuisheni ya Bi Rudia

Mdogo wangu alimaliza chuo na digrii ya falsafa, na mtaani kwetu hakuna aliyejua falsafa ni mdudu gani. Baba alidhani ni kitu cha hospitali. Mama aliwaambia majirani kwamba mwanawe amesomea mambo ya kufikiri, wakamwangalia kwa huruma. Basi akaitwa Digrii, yakaisha. Digrii alizunguka kutafuta kazi mpaka soli za viatu zikamsaliti, akarudi kwenye saluni yangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akajizungusha na kusema, "Dada, nitafundisha tuisheni."

"Utafundisha nini?"

"Chochote kitakacholipa."

Na kweli alifundisha chochote. Asubuhi anasoma sura ya kitabu, jioni anaifundisha kana kwamba aliitunga yeye. Nimemwona kwa macho yangu akikariri safari ya chakula tumboni huku anapiga mswaki. Watoto walimpenda kwa sababu hajui kukasirika. Mtoto akikosa, yeye ndiye anayeomba radhi. Mimi nisingeweza. Mteja wangu akitikisa kichwa wakati namsuka, namgonga na kitana, na bado analipa.

Siku moja mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Rudia. Hapa lazima nieleze. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi, sasa amestaafu, na jina hilo tulimpa sisi kwa siri kwa sababu ndilo neno alilolipenda kuliko yote. Umekosa, rudia. Umepata lakini mwandiko mbaya, rudia. Mimi nilirudia darasa zima, na habari hiyo sitaki kuizungumzia. Digrii alipomwona aliruka kutoka kwenye kiti akasimama wima, mikono nyuma. Mimi nilijikuta nimeficha kucha zangu, mtu mzima, mama wa watoto.

"Nasikia hapa kuna anayefundisha," akasema.

"Ni mimi, Mwalimu. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vua kofia."

Akavua. Ndipo Bi Rudia akatoa shida yake. Marehemu mume wake alimwachia gari dogo jeupe, na kabla hajafariki alimfundisha kuliendesha kwenye uwanja wa mpira. Kuendesha hakumsumbui, mtihani wa barabarani alifaulu siku ya kwanza, mkaguzi akampa mkono. Kilichomkalia kooni ni ule wa karatasi, wa alama na sheria. Amefeli, akarudia, akafeli, akarudia. Sasa mwanawe wa pekee, anayefanya kazi ofisi ya bima, amemwambia kwamba safari hii akifeli, gari linauzwa. Mwenye bekari amekwisha kulitolea macho, anataka la kusambazia mikate.

"Dada yangu miguu imemshinda, anaishi upande wa pili wa mji," Bi Rudia akasema. "Nikitaka kumwona, nampigia mwanangu simu. Ananiambia, mama subiri. Mimi nimewaambia watu subiri maisha yangu yote, leo ninaambiwa mimi. Inaniuma sana."

Alituangalia kama sisi ndio tuliomwambia. Kisha akaweka sharti: nyumbani kwake Digrii asikanyage, maana mtaa mzima utajua anafundishwa na mtoto ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumfuta makamasi. Atakuja saluni kama mteja wa kawaida, na tuisheni itapigwa hapo hapo.

Nikawa namfunga rola, namwingiza chini ya draya, Digrii anavuta kigoda na kufungua kitabu cha sheria za barabarani. Digrii mwenyewe hajui kuendesha hata baiskeli. Alijaribu akiwa mdogo, akatolewa mtaroni na majirani. Lakini kitabu alikuwa amekimeza chote. Tatizo lilikuwa draya, ina kelele. Digrii anauliza kwa upole, "Mwalimu, taa ya njano maana yake nini?" Bi Rudia anajibu kwa sauti ya mstarini asubuhi kwamba jiandae kusimama, na mteja aliyekuwa anatoka anasimama mlangoni, anageuka na kuuliza amekosa nini.

Ajabu ni kwamba alijua kila kitu. Umuulize mzunguko, anajua. Umuulize daraja jembamba, kivuko cha reli, taa za ukungu, anakutajia mpaka sababu. Digrii alikuwa anaumiza kichwa: mtu huyu anafelije? Kumuuliza hawezi, anaogopa. Alikuwa anaomba ruhusa kwenda msalani, kwenye saluni ya dada yake mwenyewe, na siku moja Bi Rudia alimnyima.

Mwisho akaamua kumpa mtihani wa majaribio. Aliuandaa kama ule wenyewe, kila swali na majibu manne, A, B, C na D, kazi yako ni kuweka tiki kwenye moja. Bi Rudia akachomoa kalamu nyekundu kwenye mkoba. Hiyo kalamu nyekundu ingetushtua mapema, lakini akili zetu zilikuwa likizo. Akainama, akaandika kwa bidii, akarudisha karatasi. Digrii akaisoma, akaisoma tena, akaniletea.

Hakuna jibu hata moja lililotiwa tiki. Swali lilisema ng'ombe amelala katikati ya barabara, utafanya nini? Pembeni ameandika: "Mchungaji yuko wapi? Aje na mzazi wake." Swali la lori linalokuja kwa kasi upande wako: "Dereva huyu alipewa leseni na nani? Fafanua." Mtoto anayekimbilia mpira barabarani: "Saa za masomo? Nipatiwe jina." Na chini kabisa, kwa mwandiko ule ule ulioniharibia utoto: "Kazi hafifu. Mtungaji arudie."

"Mwalimu," Digrii akasema, "kwenye mtihani wenyewe pia huwa... huwa unasahihisha?"

"Kwani niache makosa yapite?"

"Hapana, Mwalimu. Samahani, Mwalimu."

Hapo nikachoka. Jamani, kuna mipaka. Nikaweka kitana chini. "Mwalimu, nisikilize. Huyu ng'ombe hana mchungaji. Hana mwenyewe, hana kwao, ni ng'ombe wa mtihani. Anayeulizwa ni wewe. Mwanafunzi ni wewe, na umepata sifuri."

Bi Rudia akainuka taratibu, akachukua mkoba wake, akatoka na rola zangu kichwani na taulo langu mabegani. Tulimwona kupitia dirishani akivuka barabara hivyo hivyo, kichwa juu, na watu wakimwamkia kwa heshima zote. Digrii aliniangalia kama nimemchapa mama mzazi. Mimi nilikuwa nawaza rola, zilikuwa mpya.

Kesho yake akazirudisha, ameziosha na kuzipanga kwa ukubwa. Mtihani ulikuwa umebaki siku chache. Akakaa, safari hii si chini ya draya, kwenye benchi la wanaosubiri.

"Tangu nishike chaki sijakaa upande ule wa meza," akasema. "Nikishika kalamu, mkono unakwenda wenyewe." Akaendelea kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. "Nikisahihisha, mwenye kosa ni mtu mwingine. Nikijibu, kosa linakuwa langu. Naogopa. Ndiyo hivyo, naogopa."

Roho iliniuma. Digrii naye akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele yake, akakaa chini bila kuambiwa. Akakuna kichwa muda mrefu. Na hapo ndipo, baada ya ada yote ile ambayo mama alilipa, nilipoiona ile digrii ikifanya kazi.

"Mwalimu, basi usijibu," akasema. "Sahihisha."

"Unanichezea?"

"Hapana. Tazama. Hawa A, B, C na D ni wanafunzi wanne. Wameulizwa swali, kila mmoja ametoa jibu lake. Watatu wazembe, mmoja kapata. Wewe mpe tiki huyo mmoja, basi."

Bi Rudia akaikodolea macho karatasi. "Na hao watatu?"

"Waache."

"Nisiwaandikie hata neno moja?"

"Hata moja, Mwalimu."

"Hiyo ni kazi ngumu," akasema, na uso wake ulionyesha hatanii.

Siku zile chache saluni yangu haikuwa saluni tena. Niliwapanga wateja kwenye benchi, wakawa majibu. Fundi cherehani alikuwa A, muuza nyanya B, nesi wa zahanati C, mke wa fundi bomba D. Digrii anasoma swali, kila mmoja anasimama na kulitoa jibu lake, Bi Rudia anapita mbele yao na kalamu mkononi. Muuza nyanya alipenda mno kuwa B, akawa anatetea jibu lake hata kama ni la kuingia na gari mtoni. Nesi nilikuwa nimempaka dawa ya kulainisha nywele, akawa anapiga miguu chini, "Mwalimu, nitie tiki upesi, kichwa kinaungua." Bi Rudia akamwambia jibu lake si sahihi, akanawe. Mke wa fundi bomba yeye alitaka kujua kwa nini kila akisema ukweli anaambiwa amekosa, kama nyumbani kwake tu.

Lakini Bi Rudia alikuwa anabadilika. Siku ya kwanza aliwasema wale watatu mpaka fundi cherehani akatokwa na machozi. Siku ya pili aliguna tu. Siku ya mwisho alimpa tiki D, akawapita wengine midomo imefungwa kabisa, kidevu kinamtetemeka kwa jitihada. Wateja wakampigia makofi.

Siku ya mtihani mimi na Digrii tulimsubiri nje, kwenye ngazi za ofisi ya leseni. Digrii alikuwa anatafuna kucha. Bi Rudia akatoka na uso mkavu kama kawaida yake, huwezi kujua ni msiba au harusi. Akampita Digrii, akarudi, akamwekea mkono begani.

"Wote wamefaulu," akasema. "Yaani, nimefaulu."

Digrii alilia. Mimi sikulia, niliingiwa na vumbi machoni.

Sasa siku aliyopata leseni mkononi alituita kwake, amlipe Digrii na tunywe chai. Kumbe mwanawe naye alipanga siku hiyo hiyo. Tulimkuta getini, shati limenyooshwa, pamoja na mwenye bekari, na turubai la gari limeshafunuliwa. Alikuwa amemleta mnunuzi kabla hata ya kuuliza matokeo. Bi Rudia akamwonyesha leseni.

Mwanawe akaiangalia pande zote mbili. Nilitegemea afurahi. Akasema, "Hongera, mama. Lakini gari nauza tu."

"Tulikubaliana," Bi Rudia akasema.

"Najua tulikubaliana. Nilijua utafeli." Akapitisha mkono usoni. "Mama, mimi ninachosoma ofisini kutwa nzima ni ajali. Fulani kagongwa hapa, fulani kapinduka pale. Kila nikisoma nakuona wewe kwenye gari hili. Baba ameshaondoka, nimebaki na wewe peke yako. Sitaki uendeshe, basi. Sina sababu nyingine."

Mwenye bekari akageuka kuangalia maua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kujiandaa kwa hasira, nimeshaweka mikono kiunoni, nikaishusha. Nilimsubiri Bi Rudia amwambie lile neno lake, na kama angemwambia nisingemlaumu. Yeye alimtazama tu mwanawe, huyo mwanaume mzima mwenye kitambi, anafuta macho kwa tai.

Akazunguka, akafungua mlango wa mbele upande wa abiria. "Panda," akasema. "Twende kwa mama yako mkubwa."

"Mama."

"Panda, baba."

Akapanda. Tuliwaona wakitoka getini pole pole, kiashiria kinawaka, na yule mtu wa bima ameshika mpini wa juu wa mlango kwa mikono yote miwili, mguu wake unakanyaga breki isiyokuwepo. Tukabaki watatu uani na turubai, Digrii hajalipwa, mwenye bekari hajui aende au akae. Nikatengeneza chai mwenyewe. Tukanywa, tukazungumzia bei ya unga.

Jua lilipopoa tukasikia gari. Likaingia getini taratibu, likasimama pale pale lilipokuwa, mstari ulionyooka, na injini ikazimwa. Mwenye bekari akainuka kwenda kuulizia biashara yake, sisi nyuma yake. Bi Rudia akaweka kidole mdomoni.

Mwanawe alikuwa amelala. Kiti amekilaza, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi, mikono imeachia kila kitu, anakoroma.

"Toka daraja la kwanza tulilovuka yuko hivyo," Bi Rudia akanong'ona. "Msimwamshe."

Mwenye bekari akaaga kwa ishara, akaenda zake kwa ncha za vidole. Bi Rudia akabaki ndani ya gari, mkanda bado umefungwa, anamtazama mtoto wake akilala.