Mbebaji wa Nyama

Fomu ya kuomba kibali cha kuwinda wanyama waharibifu shambani mwako ina mistari mingi ya kawaida: jina, kijiji, ukubwa wa shamba, mazao, aina ya silaha. Mstari wa mwisho ndio ulionishika. Unasema: "Mbebaji wa nyama, na uhusiano wake na mwombaji." Nilikaa nao pale ofisini Mtwara mjini mpaka karani akaniambia, "Mama, kalamu naihitaji."

Majirani zangu wa Shangani, hapa mjini, wananicheka. Mtu una shamba lako, la urithi, halafu unapanga foleni kuomba ruhusa ya kuwinda humo humo? Nawajibu kwamba mnyama ni wa serikali na muhogo ni wangu, isipokuwa mnyama hajawahi kuniomba kibali. Ukweli ni kwamba napenda kwenda kuomba. Ni kazi pekee ya baba iliyobaki mikononi mwangu.

Baba alikuwa mkulima wa korosho na muhogo, upande wa kuelekea Ruvuma, na alikuwa na gobore moja ambalo alilifuta mafuta mara nyingi kuliko alivyolitumia. Nguruwe pori walikuwa wakiingia shambani karibu na alfajiri, wakafukua muhogo tuta kwa tuta, na mwezi mmoja wa uzembe ulitosha kutufanya tununue unga mwaka mzima. Kwa hiyo kila mwaka baba alikwenda mjini, akarudi na kibali. Lakini jina la mnyama mwenyewe halikutoka kinywani mwake. Alisema "mdudu". "Mdudu kaingia." "Mdudu kala matuta sita." Mama naye alisema hivyo hivyo, nasi watoto tukafuata.

Baba aliweza kumuua, ila kumgusa hapana. Hapo ndipo alipoingia jirani yetu, ambaye wazazi wake walivuka mto kutoka Msumbiji zamani za vita, mtu wa chale usoni na msalaba shingoni. Mlio wa gobore ukisikika baada ya sala ya alfajiri, jirani alijua kaitwa. Alikuja na panga, kamba na gunia. Baba alikuwa amekwisha kusogea pembeni, kampa mgongo mnyama, anaangalia mikorosho yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Jirani alichuna, akakata, akafunga, akafukia damu kwa mchanga, akaenda kuoga. Hapo ndipo walipopeana mikono na kuanza ubishi wao.

Ubishi wenyewe ulikuwa mmoja tu, wa miaka yote: nani mkubwa. Hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Baba alisema alikwisha kutoka jandoni jirani akiwa bado anabebwa mgongoni. Jirani alisema yeye ndiye aliyembeba baba. Mwezi wa Ramadhani mkewe alituletea ming'oko ya futari, vile viazi vya porini, kaichemsha kwenye sufuria aliyoinunua kwa ajili yetu na haikuingia nyama hata siku moja. Jirani aliisindikiza sufuria hiyo mwenyewe, na kabla hajaitua alikuwa anauliza, "Mdogo wangu amefunga leo, au ameshindwa?" Nimekula futari nyingi mjini tangu hapo. Naililia ile.

Sasa, kibali kilikuwa cha baba, na nyama ilikuwa ya jirani. Mtu mwenye akili angempa jirani karatasi atembee nayo. Baba hakuweza, kwa sababu kibali kilibanwa pamoja na barua yake ya maombi, na baba hakuandika barua yoyote bila kuanza na Bismillahi. Maneno hayo yakae gunia moja na mdudu? Haiwezekani. Kwa hiyo karatasi ilikaa mfukoni mwa kanzu, na nyama ikapita njiani miaka nenda rudi bila karatasi.

Ijumaa moja, mwaka niliomaliza kidato cha nne, jirani alisimamishwa barabarani na askari wa wanyamapori, gunia likiwa nyuma ya baiskeli. Akaulizwa kibali. Akasema kipo, anacho rafiki yake, yuko msikitini. Askari alicheka sana. Akampeleka ofisi ya kijiji, akasema gari likija atapelekwa mjini kushtakiwa kwa ujangili. Mkewe alikuja kwetu analia, hana hata kitambaa kichwani. Nikakimbia msikitini.

Watu ndiyo kwanza walikuwa wanatoka. Nilimwambia baba mlangoni, na waliokuwa karibu wakasikia, wakatufuata. Ofisini tukamkuta jirani kakaa sakafuni, gunia mbele yake linavuja, nzi wametanda. Hakuniangalia. Sijawahi kumwona mtu mzima kajikunyata vile.

Askari alipokea kibali, akakisoma, akamwangalia baba, kanzu yake na kofia yake. "Mzee, kibali ni chako. Lakini mimi sijui kama mnyama huyu ndiye wa kibali hiki. Sema mwenyewe, mbele ya mashahidi. Huyu ni mnyama gani, na ni wa nani?"

Dirishani walikuwa wamejaa watu waliotoka kusali naye bega kwa bega. Baba alikohoa. Nikajua anatafuta njia ya kusema "mdudu", na nikajua haitatosha.

"Nguruwe," baba alisema. "Nguruwe huyu ni wangu."

Mtu mmoja dirishani alisema astaghfirullah. Baba hakugeuka.

"Na huyu aliyembeba? Nyama anabeba mwenye kibali au ndugu yake. Ni nani wako?"

"Ndugu yangu."

"Ndugu wa kijiji?"

"Tumbo moja."

Askari alizitazama chale za jirani, akautazama msalaba. Kisha akasema iandikwe barua ya kusema hivyo, jirani aondoke nayo, asije akamsumbua tena. Kalamu nilishika mimi. Baba alinisimamia na kunitajia neno kwa neno, kwa sauti ya chini, jirani akiwa anafunga gunia upya nje. Nilipoanza kuandika Bismillahi alinishika mkono. "Hii acha. Hii itatembea na nyama." Alipofika kwenye undugu akasema, "Andika mdogo wangu." Nikamwangalia. "Andika," akasema, na ndevu zilikuwa zinacheza kwa kicheko.

Jirani hakujua kusoma. Aliifunga karatasi ile kwenye nailoni akaiweka mfuko wa shati, na kwa miaka mingi alimwonyesha kila aliyemsimamisha. Sikumwambia kilichoandikwa. Ulikuwa utani wangu na baba.

Baba alipofariki, jeneza lilitolewa nje mchana, nasi wanawake tukiwa ukumbini. Wanaume wakasogea kulibeba. Jirani naye alisogea, kavaa koti lake la kanisani. Kijana mmoja, mgeni, akamzuia kwa adabu: "Mzee, tuwaachie ndugu kwanza."

Jirani akatia mkono mfukoni, akatoa nailoni. "Mimi ndugu. Nina karatasi. Serikali inajua." Akampa shehe. "Soma kwa sauti, wasikie."

Shehe akasoma: "Mbebaji huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Asizuiwe."

"Mdogo?" Jirani alishtuka. "Kaandika mdogo?" Akaligeukia jeneza. "Wewe! Mimi nimekubeba wewe!" Na hapo akalia kwa nguvu, na sisi ukumbini tukacheka na kulia pamoja mpaka shangazi akatukemea.

Shehe aliikunja karatasi akamrudishia. "Imeandikwa asizuiwe," akasema. Wakampisha, akaingiza bega.

Jirani bado yupo. Meno yamekwisha, anasema supu inamtosha, na mjukuu wake ndiye siku hizi anayekimbilia mlio wa gobore. Lakini nyama haitoki shambani kwetu mpaka yeye mwenyewe aje aishike kamba.

Karani aliniomba kalamu mara ya pili. Nikaandika jina la jirani, na mbele yake, kwenye uhusiano, nikaandika: baba mkubwa. Marehemu anisamehe. Kakaa anabebwa miaka yote hiyo, mpaka siku ya mwisho.